Beseni kwenye Nguzo ya Tatu

Mtaa mzima ulimwita Dobi, na mwenyewe alishalizoea jina hilo kiasi kwamba ukimwita kwa lile alilopewa na wazazi wake angegeuka nyuma kuangalia ni nani anayeitwa. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega mapana, na vidole vilivyolainishwa na maji ya sabuni mpaka vikawa kama vya mtoto mchanga. Vidole hivyo visikudanganye. Kwa kichwa kigumu hakuwa na mwenzake mtaani. Akisema shuka hili litakuwa jeupe, basi litakuwa jeupe, hata kama doa lenyewe limeshachoka na linaomba msamaha.

Aliishi na mama yake katika nyumba ya vyumba viwili na jiko, na kiwanda chake kilikuwa uwani. Nguzo nne zilisimama mstari mmoja, kuanzia mlango wa jikoni mpaka ukuta wa nyuma, na juu yake ulipita waya wa kuanikia mashuka ya nyumba ya wageni iliyoko barabara kubwa. Ua wenyewe ulikuwa udongo mtupu, bila jani wala takataka, kwa sababu Dobi aliufagia kila alfajiri. Hiyo tabia aliirithi kwa mama yake, ambaye enzi zake hakuweza kunywa chai kama ua una hata unyoya wa kuku.

Miezi minne kabla ya mambo haya, mama alipatwa na kiharusi. Mkono na mguu wa kulia vililegea, na maneno yakamwishia. Mama huyu alikuwa mtu wa kuanza kisa kimoja asubuhi na kukimaliza mchana, tena akiwa bado ana cha kuongeza. Sasa alibaki na maneno matatu: ndiyo, hapana na basi. Mwanamke wa mazoezi ya viungo, aliyekuja kila Ijumaa ya pili, hakuwaficha kitu. Alisema mguu ule unahitaji kukumbushwa kazi yake kila siku, na ukiachwa ukae bure miezi hii ya mwanzo, utasahau moja kwa moja.

Dobi akajifunga kibwebwe. Alinunua kamba nene, akaifunga kwenye nguzo zote nne, usawa wa kiuno, upande wa pili wa mashuka. Kila jioni mama aliishika kamba ile kwa mkono wa kushoto na kwenda nguzo kwa nguzo, polepole, mguu wa kulia ukiburuta. Kwa kuwa udongo ulikuwa umefagiwa, mguu uliacha mchirizi. Mama akishaingia ndani, Dobi alitoka na kuukagua mchirizi ule kama mtu anayesoma barua. Wiki ya kwanza ulikuwa mstari mmoja usiokatika. Wiki ya sita ulikuwa umeanza kukatikakatika, hapa kidogo, pale kidogo, na hizo sehemu zilizokatika zilimpa Dobi furaha kuliko sifa zote alizowahi kupewa kwa mashuka yake.

Halafu ikaja Jumatatu. Yule mwanamke wa mazoezi alikuwa ameagiza mama aongeze mazoezi, atembee asubuhi pia. Dobi alianika mashuka kama kawaida, akamtoa mama mlangoni, akamshikisha kamba, akarudi ndani kupiga pasi huku redio ikiimba. Mashuka yalikuwa yametanda, hakuweza kuona kitu dirishani. Alipomaliza foronya ya tano alihisi kimya cha uani kimezidi, akatoka. Mama alikuwa chini karibu na nguzo ya tatu, kamba iko juu ya kichwa chake inayumba, na mkono wake wa kushoto, ule mzima, umevimba mahali patatu. Nyigu wawili walikuwa bado wanamzunguka. Macho ya mama yalikuwa wazi, yanamtazama mwanawe, na haikujulikana yamemngoja kwa muda gani.

Zahanati walimpima, wakamchoma sindano, wakasema hakuvunjika popote na uvimbe utapungua. Uvimbe kweli ulipungua. Lakini jioni, Dobi alipomletea viatu vyake, mama alisema hapana. Kesho yake vilevile. Akipelekwa mlangoni alikaa kwenye kiti chake, akautazama ua, na kamba hakuigusa.

Kaka yake Dobi alifika jioni ileile ya Jumatatu, roho juu. Alikuwa fundi wa lifti, mtu mpole, mwenye kumpenda mama yake bila maneno mengi. Aliishi ghorofa ya nne katika jengo ambalo lifti yake ilikufa miaka mingi iliyopita, na kwa hilo watu walikuwa wamemtania mpaka wakachoka. Aliuangalia mkono wa mama, akamvuta dada yake jikoni.

"Mdogo wangu, sikulaumu," alisema. "Lakini mtu anaanguka na hakuna anayesikia, hapo si pa mgonjwa. Jumamosi nakuja na gari, nimchukue akakae kwangu."

"Kwako ghorofa ya nne, kaka. Atatembea wapi?"

"Atapumzika."

"Akipumzika ndio mwisho wake." Dobi hakupandisha sauti, ila alikuwa ameishika meza. "Nipe mpaka hiyo Jumamosi. Ukikuta humu uwani kuna mdudu wa kumuuma, mchukue."

Kaka alifikiri. Akasema si wadudu tu. Anataka amwone mama akitembea kwa miguu yake, maana mtu aliyeogopa kutembea ni yuleyule popote atakapokaa, na kwake angalau kuna mke na binti wa kumtazama. Dobi akakubali shingo upande. Kukubali ndiyo ilikuwa kazi rahisi. Alikuwa na siku nne.

Jumanne, kabla jua halijakolea, alishika kiuno katikati ya ua akatafuta adui. Hakuhangaika sana. Chini kule, kati ya nguzo ya nne na ukuta, ardhi ilikuwa imetobolewa vishimo visivyohesabika, kila kimoja na kifusi chake kidogo cha udongo laini pembeni, na juu yake vijidudu vilikuwa vinazunguka chini chini, vinavuma. Dobi aliona aibu. Yeye, anayejisifu kwamba ua wake unaweza kulaliwa bila mkeka, kumbe amefuga jeshi zima. Alijaza maji ile sufuria kubwa ya kuchemshia mashuka, akayachemsha mpaka yakatokota, akayamwaga kwenye vishimo vyote, safari saba. Mvuke ulipanda, udongo ukawa tope, na Dobi akaingia ndani amelowa jasho lakini moyo umetulia.

Saa sita mchana jua lilikausha tope. Saa nane vijidudu vilikuwa vinazunguka tena, vichache kuliko mwanzo, na vishimo vipya vimeanza. Mchomeleaji wa jirani alichungulia juu ya ukuta, miwani yake myeusi ameipandisha kwenye paji la uso, akapendekeza petroli na kiberiti. Alisema ni kazi ya dakika moja. Dobi alimwambia yeye akiona kitu chochote anataka kukiwasha moto tu, na kwamba mama yake hatatembea kwenye udongo unaonuka petroli. Mchomeleaji akateremsha miwani, akarudi kwenye cheche zake.

Kitu kingine kilichomsumbua wiki ile ni mama mwenyewe. Kila asubuhi Dobi alimletea beseni dogo la kunawa uso, na kila asubuhi mama alifanya kituko kilekile. Alilishika beseni ukingoni kwa mkono wa kushoto, akalinyanyua kidogo, akaliachia. Maji yakamwagika. Akalinyanyua tena, akaliachia, kisha akamkazia macho binti yake. Dobi alifuta maji, akabadilisha gauni la mama, akalimeza lililomfika kooni. Alijua hasira za mtu asiyeweza kusema, na alijua pia anazistahili. Hata hivyo zilimuuma.

Jumatano alienda dukani kwa muuza dawa za mifugo na mimea, mzee mkavu ambaye watu walimwita Daktari wa Kuku, ingawa kuku wengi aliowatibu waliishia mezani. Dobi aliomba dawa ya nyigu, kali kuliko zote. Mzee hakuinuka kwenye kigoda chake. Alimuuliza ameona mashimo mangapi. Dobi akasema mengi, zaidi ya mia. Akamuuliza wadudu wenyewe wanafananaje. Wadogo, wana manyoya, wanazunguka chini. Je, alipowamwagia maji ya moto, alisimama katikati yao? Ndiyo. Walimuuma? Dobi akafikiri, akaona ajabu ya jambo ambalo hakuliwaza. Hakuna hata mmoja aliyemuuma.

"Umewaonea bure," mzee alisema. "Hao ni nyuki wa udongo. Kila mmoja na mlango wake, hana jeshi la kulinda wala asali ya kuibiwa, na wale wanaozungukazunguka ni madume, hayana hata mwiba. Wakimaliza kutaga watanyamaza wenyewe. Wewe mtafute mwenye mlango mmoja unaoingia mia."

Akamweleza na sababu ya nyuki wale kumpenda. Wanataka ardhi kavu, tupu, yenye jua. Asiyewataka aache majani yaote au ardhi iwe na unyevu. Kwa maneno mengine, ule usafi wa miaka yote ndio uliowakaribisha. Dobi alitaka kucheka na kulia kwa pamoja. Mzee alimpa kopo la dawa ya unga, akamwonya asiimwage ovyo. Kwanza akae kitako, siku ikiwa na jua, atazame nyigu wanaingia wapi. Halafu ainyunyize mlangoni jua likizama, wote wakiwa wamerudi, na shimo asilizibe, wapite kwenye unga wenyewe.

Kukaa kitako ilikuwa adhabu kubwa kwa Dobi kuliko maji ya moto. Alhamisi asubuhi alianika mashuka kama kawaida, kwa sababu nyumba ya wageni haijui habari za nyigu. Alitoka na beseni lake kubwa la bati la kubebea mashuka, akalitua palepale anapolitua siku zote, chini ya nguzo ya tatu, ambapo ni katikati ya waya na mtu hahitaji kwenda na kurudi. Alianika nusu saa nzima. Safari hii alikuwa na macho. Shuka la kumi, akaona nyigu mmoja amekuja na kutua kwenye ukingo wa beseni. Shuka la kumi na mbili, walikuwa sita, wanatembea kwenye bati, wanatafuta. Alipoangika foronya ya mwisho walikuwa wengi, wanapanda na kushuka ubavuni mwa beseni kama watu waliofungiwa nje ya nyumba yao.

Dobi alirudi nyuma hatua tatu. Kisha, polepole, kwa mti mrefu wa kunyanyulia waya, alilisukuma beseni pembeni.

Pale chini, kando ya jiwe bapa, palikuwa na shimo moja la upana wa kikombe. Kwanza hakikutoka kitu. Aliweza kuhesabu mpaka ishirini. Halafu walimwagika, waliokuwa ndani na waliokuwa nje wakichanganyika, wakavuma kuizunguka nguzo ya tatu kwa usawa wa mkono wa mtu anayetembea ameshika kamba. Dobi alikuwa ameshafika mlangoni. Siku zote alikuwa ameshafika mlangoni. Kila asubuhi aliwafungia nyumba yao nusu saa, akawafungulia wakiwa wamepandwa na hasira, akaingia zake ndani kupiga pasi, na mpaka jioni mama anapotoka walikuwa wameshatulia. Isipokuwa Jumatatu, alipomtoa mama asubuhi kwa mkono wake mwenyewe na kumshikisha kamba.

Aligeuka. Mama alikuwa kwenye kiti chake mlangoni, mahali anapokaa kila asubuhi, mahali ambapo ua wote unaonekana. Mkono wake wa kushoto ulikuwa hewani. Ulinyanyua kitu kisichokuwepo, ukakiachia. Ukanyanyua tena, ukaachia.

Dobi aliutua ule mti. Alikaa chini, kwenye kizingiti, kichwa usawa wa magoti ya mama yake.

"Ni beseni langu, mama."

"Ndiyo."

"Umekuwa ukiniambia siku zote hizi."

"Ndiyo."

Dobi akalia, kilio cha mtu asiyelia mara kwa mara, chenye kelele na makamasi. Alisema yote, kwamba ni yeye aliyewachokoza, ni yeye aliyefungua redio, ni yeye aliyefuta maji na kununa. Mama alimwacha aseme. Kisha akamwekea mkono wa kushoto kichwani, mzito, wenye alama tatu ambazo bado zilikuwa nyekundu.

"Basi," alisema mama.

Na Dobi alipofuta uso, hakuwa na huzuni tena. Alikuwa na hasira ya kazi, ile hasira inayomshika doa likifikiri limeshinda.

Jioni ile alifungua kabati la nguo ambazo wenyewe hawakurudi kuzifuata. Alivaa suruali mbili, moja juu ya nyingine, akazipachika ndani ya soksi. Juu yake akavaa koti la bwana harusi lililokuwa likingoja mwenyewe mwaka wa tatu. Labda harusi haikufungwa. Kichwani kofia ya majani, juu ya kofia pazia la neti mpaka kiunoni, na mikononi glovu za mpira anazofulia kwa dawa ya madoa. Unga wa dawa aliutia kwenye soksi ya nailoni, akaifunga kwenye ncha ya mti wa kunyanyulia waya. Mchomeleaji alichungulia ukutani, akasema kumbe bibi harusi naye ndiye bwana harusi. Ndipo ikasikika sauti kutoka dirishani, sauti nyembamba ya kukwaruza. Mama alikuwa anacheka. Dobi hakuwa ameisikia sauti hiyo kwa miezi minne, na alisimama kidogo aisikilize mpaka mwisho.

Halafu akaenda. Jua lilikuwa limegusa ukuta na kule shimoni hakukuwa na anayetoka. Alinyoosha mti, akaitikisa soksi mara moja, mara mbili, mara tatu, unga ukatanda mlangoni mweupe. Nyigu mmoja alitoka, akaja moja kwa moja, akapata mahali soksi ilipokunjika kwenye kifundo cha mguu. Maumivu yalimpanda mpaka kwenye meno. Dobi alijua akiuangusha mti ataliziba shimo, na kazi yote itakuwa bure. Hakuuangusha. Aliutikisa mara ya nne, akarudi nyuma hatua kwa hatua, akiwa amekaza taya.

Ijumaa mlangoni walipita wachache, wanayumba. Jioni alirudia, na kifundo kilichovimba akakivika soksi tatu. Jumamosi alfajiri alikaa kitako tena na chai mkononi, akatazama mpaka jua likapanda, na hakuingia wala kutoka hata mmoja. Ndipo akachukua jembe. Alichokitoa ardhini kilikuwa kikubwa kama kichwa cha mtu, tabaka juu ya tabaka za kitu kama karatasi ya kijivu, na akakiri moyoni kwamba mafundi walikuwa mafundi. Alijaza shimo udongo, akalishindilia kwa pasi ya zamani ya mkaa ambayo tangu umeme uje ilikuwa ya kuegeshea mlango. Akafagia ua, isipokuwa kule karibu na ukuta. Kule aliwaachia nyuki walichobakiwa nacho. Aliwataka radhi kimoyomoyo, na kwa kuwa hakuna aliyemwona, hakuona haya.

Kaka alifika saa nne, gari akalisimamisha mlangoni. Begi la mama lilikuwa tayari sebuleni, maana Dobi alikuwa ameahidi na hakutaka kuonekana anacheza mchezo. Alimwonyesha kaka kile kiota cha karatasi, akamwambia habari ya beseni bila kujipunguzia kosa. Kaka alisikiliza, lakini macho yake yalishaenda mwisho wa ua.

"Na wale kule?"

Dobi alichechemea mpaka pale, akapiga magoti, akakilaza kiganja chake ardhini katikati ya vishimo. Nyuki walimzunguka. Mmoja alitua kwenye kidole chake kile laini, akajifuta miguu, akaondoka.

Ikabaki mama. Kaka alimwendea kitini, akampa mkono wake amwinue. Mama akasema hapana. Aliutazama ua, akatazama viatu vyake, akavitazama tena. Dobi akavileta na kumvisha. Mama akasimama mwenyewe, akaishika kamba.

Nguzo ya kwanza. Mguu wa kulia unaburuta, mchirizi mrefu, mrefu kuliko wa wiki iliyopita; siku tano za kukaa zilikuwa zimekula kazi ya siku nyingi. Dobi aliuona. Nguzo ya pili. Njiani kuelekea ya tatu mama alipunguza mwendo, na alipofika akasimama. Kamba ilitetemeka kutoka mkononi mwake mpaka nguzo ya kwanza. Kaka alitaka kwenda. Dobi alimshika mkono, na kushika kwenyewe hakukuwa kwa upole.

Mama alitazama chini, pale udongo ulipokuwa mpya. Uso wake ulikunjamana, ile sura ya zamani, sura ya mtu aliyekuta unyoya wa kuku uwani kwake. Mguu wa kulia, ule uliolegea, ukapanda. Ulipanda kweli, soli ikaonekana, ukakaa hewani muda wa pumzi moja. Kisha akaukanyagisha juu ya lile shimo kwa uzito wake wote.

"Basi," alisema, na hakuwa anazungumza na watu.

Akaenda mpaka nguzo ya nne, akasimama kidogo kuwatazama nyuki, akageuka, akarudi kitini. Kaka alikuwa amegeukia ukuta anajifuta uso kwa kitambaa. Baadaye aliingia sebuleni, akalibeba begi lile kwenda chumbani kwa mama, akaanza kutoa nguo moja moja na kuzirudisha kabatini, zote zikiwa zimekunjwa vibaya.

Kesho yake alfajiri Dobi alitoka na ufagio kama siku zote. Alianzia mlangoni, akiifuta michirizi ya jana. Alipofika nguzo ya tatu aliinama. Juu ya udongo mpya palikuwa na unyayo mmoja mzima wa kiatu cha kulia, kisigino mpaka ncha, bila mchirizi mbele wala nyuma yake. Akafagia kuuzunguka, akauacha.